SAS au Navy SEALs, na mazoezi ya Loleza

Mdogo wangu, umeuliza kati ya vikosi maalumu vya kijeshi, SAS ya Uingereza na Navy SEALs ya Marekani, nani mkali zaidi, na kama kupanda mlima wetu wa Loleza hapa Mbeya na begi la mawe kunamwandaa mtu kwa mchujo wa aina ile.

Nani mkali, hapo hutapata jibu, maana wanachujwa kwa vipimo tofauti. SEALs wanaanzia baharini, Coronado, California. Wiki yao ya Jehanamu ni siku tano na nusu za maji baridi, mchanga na magogo, usingizi wote jumla saa nne hivi. Wakufunzi wanafoka muda wote. Ukishindwa unagonga kengele, unaondoka.

SAS, iliyoanzishwa na David Stirling mwaka 1941, wanapeleka watu milima ya Brecon Beacons, Wales. Ramani, dira, mzigo mgongoni, na uko peke yako. Hakuna wa kukufokea wala wa kukutia moyo. Matembezi ya mwisho ni kilomita 64 hivi. Kwangu mimi, ukimya huo ni mgumu kuliko kelele.

Kilele kirefu cha huko, Pen y Fan, ni mita 886 tu. Sisi Mbeya mjini tunalala juu zaidi ya hapo. Lakini Julai 2013 askari watatu wa akiba walifariki kwa kuzidiwa na joto katika mchujo huohuo. Kwa hiyo punguza mawe, beba maji, panda na mwenzako, na ujifunze dira vizuri kabla ukungu wa masika haujashuka.