Kabla Hujabadilisha Briji ya Besi Yako

Kwa miaka mitatu niliamini sikio langu ndilo bovu. Kanisani kwetu hapa Kisumu, gitaa langu la besi lilikuwa shwari nikicheza noti za chini, lakini nikipanda kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), kule benga inakopenda kutembeza besi, sauti yangu haikulingana na kinanda. Kati ya magitaa matupu unaweza kujificha. Kinanda hakikufichi.

Kumbe kisa ni briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Yangu ilikuwa ya mtindo wa Fender Precision Bass ya 1951: viti viwili tu, yaani vipande vidogo ambavyo nyuzi hulalia, kila kimoja kimebeba nyuzi mbili. Ukivuta kiti nyuma ili uzi wa E, ule mnene kuliko wote, utulie, jirani yake A anaharibika. Mwaka 1957 Fender wenyewe waliipa Precision viti vinne, kila uzi na chake.

Ila usikimbilie kutoa pesa. Funga nyuzi mpya, zitune, kisha uguse uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele. Halafu bonyeza papo hapo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ile ya kengele, rudisha kiti nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu, isije ikalika kichwa. Nyuzi zote nne zikikubali, pesa yako kale nayo samaki.

Zangu zilikataa. Briji ya viti vinne ikaja kwa basi kutoka Nairobi, na matundu yake hayakulingana na ya zamani, kwa sababu sikupima kabla ya kuagiza. Nikajaza yale ya zamani njiti za kiberiti na gundi ya mbao, nikaacha yakauke hadi kesho yake. Pa kutoboa hapakisiwi: pima kutoka mwanzo wa shingo, nyuzi zinapopita kwenye kile kipande chenye mifereji, hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Yangu ilikuwa sentimita 43.2, kwa hiyo 86.4. Kiti cha G, uzi mwembamba kuliko wote, hukaa karibu na hapo. E huhitaji nafasi ya kurudi nyuma zaidi.

Kosa la pili linanichekesha hadi leo. Chini ya briji kuna waya mwembamba wa athi (earth), unaopaswa kugusa chuma cha briji ili spika isingurume. Mimi niliufunika bila kuhakikisha unagusa chuma hicho. Jumapili hiyo spika ilinguruma ibada nzima, mama mmoja akauliza nani ameacha posho mill ikiwaka.