Kabla ya kuandikia programu sarufi ya maumbo, ichore kwa mkono

Chora mraba. Chora wa pili unaolingana nao, lakini usogeze kimshazari hadi kona yake iingie katikati ya ule wa kwanza. Mkono wako umechora miraba miwili, yaani mistari minane. Sasa tazama vizuri: pale ilipopandana pana mraba wa tatu, mdogo, ambao hukuuchora.

Mraba huo mdogo ulinila miezi saba ya mwanzo wa uzamivu wangu. Naandika haya kwa ajili yako unayeanza utafiti wa sarufi za maumbo, yaani seti za kanuni za kuzalisha michoro hatua kwa hatua, hasa kama umetoka kwenye usanifu majengo na ndiyo kwanza unajifunza kuandika programu, kama nilivyokuwa mimi.

Wazo lenyewe waliloleta watafiti George Stiny na James Gips mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni jepesi kulieleza. Kanuni ina pande mbili. Kushoto kuna umbo la kutafuta, kulia kuna umbo la kuweka mahali pake. Unalitafuta la kushoto ndani ya mchoro, hata kama limezungushwa, limepinduliwa, limekuzwa au limepunguzwa. Ukiliona unalifuta, unaweka la kulia kwa kipimo na mwelekeo uleule. Kisha unautazama mchoro upya na kuendelea.

Uzito wote umo katika neno "ukiliona". Jicho lilione wapi, na lione nini? Programu yangu ya kwanza ilihifadhi kila mstari kwa ncha zake mbili. Pande za ule mraba mdogo hazina ncha zao, ni vipande vya mistari mirefu zaidi. Kwa hiyo nilipoiambia programu itafute miraba, ilinipa miwili. Kwenye ramani za nyumba nilizokuwa nazichambua tatizo likawa lilelile. Chumba kilichozaliwa na kupandana kwa nafasi mbili kompyuta haikukiona, nami nikadhani kanuni yangu ina kasoro. Nikaongeza kanuni nyingine ya kukichora chumba hicho. Kisha nyingine. Nilifikisha kanuni zaidi ya tisini kwa nyumba kumi na nne, na nilijivunia wingi huo.

Msimamizi wangu aliziangalia, akanipa bunda la karatasi nyepesi za kunakilia michoro, akaniambia nisifungue kompyuta kwa wiki tatu. Nilikasirika. Lakini nilipoweka karatasi juu ya ramani na kufuata mistari kwa penseli, nikaanza kuona mambo ambayo orodha yangu ya ncha ilikuwa imeyaficha. Ukuta niliouhesabu kuwa kuta tatu ulikuwa mstari mmoja unaopita nyumba nzima. Kanuni ishirini zikafa siku ile ile.

Ndiyo maana nakushauri uanze kwa mkono, tena kwa sarufi ndogo iliyokwisha kuandikwa na wengine. Ninayoipenda ni ile ya Stiny ya mwaka 1977, ya viunzi vya madirisha ya Kichina vyenye mistari kama ya barafu iliyopasuka. Kanuni zake ni chache: kugawa pembetatu, umbo la pembe nne au la pembe tano, kupata vipande viwili ambavyo ukubwa wake unakaribiana. Mchana mmoja unatosha kuijaribu. Utashangaa kuona mpasuko unaoonekana wa kubahatisha ukitokea kwa hatua unazoweza kuzihesabu.

Ukishaizoea, ndipo uende kwa Andrea Palladio, msanifu majengo wa Italia wa karne ya 16. Mwaka 1978 Stiny na mwenzake William Mitchell walitoa sarufi ya nyumba zake za shamba, wakaigawa katika hatua nane, kuanzia gridi, kuta za nje, mpangilio wa vyumba, hadi nguzo, madirisha na milango. Ichore yote, hata kama mkono utauma. Utaelewa kwa nini hatua zinafuatana vile, na kwamba kuchagua mfuatano ni hoja kuhusu jinsi mbunifu alivyofikiri.

Katika kazi ile ile wametaja mambo matatu ambayo sarufi ya mtindo inapaswa kuyaweza: ionyeshe kinachoyaunganisha majengo ya mtindo huo, iweze kuamua kama jengo jingine ni la mtindo huo, na iweze kubuni mapya. Mimi nilisoma jambo la pili na kulipita. Siku ya kutetea maendeleo ya kazi yangu niliulizwa: "Nyumba ipi uliiweka kando?" Hakuna. Zote kumi na nne nilizitumia kutunga kanuni, kwa hiyo sarufi ilizitoa zote kumi na nne bila kuthibitisha chochote. Ikabidi nirudi nyuma, nifiche nyumba nne, nitunge upya kwa kumi. Kati ya zile nne, moja ilinigomea, na sura iliyoeleza kwa nini ndiyo bora kuliko zote katika tasnifu yangu. Kwa hiyo ficha nyumba zako mapema, kabla macho hayajazizoea.

Kompyuta utairudia, na ni lazima uirudie, kwa sababu mkono huchoka na hujidanganya. Ila uirudie ukiwa na namna sahihi ya kuhifadhi umbo. Vipande vyote vilivyo kwenye mstari mmoja, vinavyogusana au kupandana, viunganishe viwe mstari mmoja mrefu kabisa. Kisha usiulize kama mstari wa kanuni unafanana na wa mchoro. Uliza kama unalala ndani yake. Mtafiti Ramesh Krishnamurti alizifanyia kazi hesabu hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mtu mmoja anaweza kuziandikia programu kwa mistari iliyonyooka. Mistari ya kupinda ni kazi nyingine kabisa. Kama ramani zako zimejaa matao, zungumza na msimamizi wako sasa hivi.

Zingatia pia alama, yaani nukta unazoweka kwenye umbo ili kanuni ijue ishike upande gani. Mraba unaweza kujilalia wenyewe kwa njia nane, ukihesabu kuzungusha na kupindua. Bila alama, kanuni inayotafuta mraba katika ule mchoro wa mwanzo itapata nafasi 24, si tatu, na baada ya hatua chache mashine itazama. Nukta moja iliyowekwa nje ya katikati, mahali pasipo kwenye mhimili wowote wa ulinganifu, inazirudisha nane kuwa moja.

Siku hizi mwanafunzi akiniletea programu yake mpya, siombi kwanza kuona nyumba inazozalisha. Namwomba aichoree miraba miwili iliyopandana kimshazari, aiulize kuna miraba mingapi. Ikijibu miwili, natoa karatasi na penseli, tunakaa mezani.