Muda wa Kukusanya Ioni: Programu Itusaidie Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, maabara yetu huchunguza protini za sampuli ndogo sana kwa spektrometa ya masi (mashine ya kupima masi za ioni, yaani chembe zenye chaji) ya aina ya Orbitrap. Tuliongeza muda wa juu wa kukusanya ioni kwa kila skani ya vipande (upimaji wa peptidi, yaani sehemu fupi ya protini, ikiwa imevunjwa) kutoka milisekunde 100 hadi 300, tukitarajia ishara zenye nguvu zaidi, lakini peptidi zilizotambuliwa zikapungua. Je, ipo programu ya kutuchagulia mipangilio iliyo bora?
Mtafiti wa biokemia

JIBU: Programu zipo, ila nyingi hazichagui kwa niaba yako, hukuonyesha ioni zinapotea katika hatua gani, na uamuzi hubaki wako. Ningeanza na DO-MS, iliyotoka katika maabara ya Nikolai Slavov ya Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019. Hutolewa bure, na husoma matokeo ya MaxQuant, programu inayotambua peptidi kutokana na skani, na kuyachora kwa grafu.

Kabla ya grafu, piga hesabu. Ikiwa skani kuu moja (ya peptidi nzima zinazotoka wakati huo) hufuatwa na skani 10 za vipande, na kila skani inatumia muda wake wote, jambo la kawaida kwa sampuli hafifu, basi mzunguko uliokuwa unazidi kidogo sekunde 1 sasa unazidi sekunde 3. Peptidi inayotoka kwenye safu ya kromatografia, inayotenganisha peptidi kabla ya kupimwa, kwa sekunde 20 ilipitiwa na mizunguko 17 hivi. Sasa inapitiwa na 6, na jumla ya skani za vipande imeshuka hadi karibu theluthi.

Sasa tazama katika DO-MS ni sehemu gani ya skani za vipande iliyozaa utambuzi. Ikiwa nyingi zilitambuliwa hata kwa milisekunde 100, mlichopungukiwa ni idadi ya skani, wala si nguvu ya ishara. Kisha angalia grafu inayoonyesha kila peptidi ilichukuliwa umbali gani kutoka kileleni mwake, yaani wakati ishara yake ina nguvu kuliko zote. Zikiwa nyingi zilichukuliwa mapema, wakati ishara ingali inapanda, pandisheni kiwango cha chini cha ishara kinachoruhusu skani kuanza, kwa kuwa peptidi iliyokwisha kuchukuliwa huwekwa kando kwa muda na kilele chake hupita bila kuguswa. Kwa maoni yangu, grafu hii ndiyo yenye faida kuliko zote, nayo hupuuzwa mno.

Kumbukeni pia kwamba Orbitrap hukusanya ioni za skani inayofuata huku ikipima zilizotangulia. Kwenye Q Exactive HF, ambayo ni mojawapo ya mashine za Orbitrap, upambanuzi (uwezo wa kutofautisha masi zinazokaribiana) wa 60,000 huchukua milisekunde 128, kwa hiyo kukusanya ioni kwa muda usiozidi huo hakurefushi mzunguko kwa kiasi cha maana. Kwa upambanuzi wa 15,000 nafasi hiyo ni milisekunde 32 tu.

Programu ya Skyline itawafaa mkiwa na orodha ya peptidi mnazozitafuta, kwani hupanga kila moja ipimwe karibu na wakati wake wa kutoka. MaxQuant.Live, ya maabara ya Matthias Mann nchini Ujerumani, huiongoza mashine yenyewe wakati upimaji unaendelea, lakini si ya kuanzia.

Rudieni sampuli ileile kwa milisekunde 60, 100 na 150, bila kugusa mpangilio mwingine, kisha zisomeni pamoja katika DO-MS. Vilele vikiwa vipana au mnyunyizo unaoingiza sampuli kwenye mashine ukiyumba, rekebisheni safu na sindano ya mnyunyizo kwanza.