Re: Magari ya Formula 1 kufanana, ni wizi au?

Mkuu umeuliza kama timu kuigana ni wizi, jibu ni inategemea umeiga vipi. Kulitazama gari la mwenzako, ukalipiga picha, ukarudi kwenu ukachora la kwako hiyo ruksa na wote wanafanya, 2009 timu za Brawn, Toyota na Williams walianza msimu na difyuza ya ghorofa mbili (difyuza ni sehemu ya chini nyuma ya gari inayoongoza hewa ili gari ligandamizwe barabarani) na wengine wote wakakimbilia kuitengeneza. Kesi ilikuwa ya timu ya Racing Point 2020, gari lao lilifanana na Mercedes ya 2019 mpaka watu wakaliita Mercedes ya pinki, Renault wakalalamika, ikaonekana mirija ya kupooza breki za nyuma imetokana na michoro ya Mercedes yenyewe, na hiyo ndo hairuhusiwi, Racing Point wakakatwa pointi 15 na faini yuro 400,000. Baada ya hapo sheria zikakazwa.

Ila kufanana kwingine sio kuiga kabisa, vipimo vya gari vimebanwa na sheria, na hewa ni ile ile kwa wote so mainjinia wazuri wanafika sehemu moja. Na ukiiga umbo la juu bila kuelewa hewa inavyopita chini ya gari hupati spidi yoyote, hapo ndo naona watu wanawaonea sana hawa mainjinia.