Kava za leza kwenye siti iliyochakaa: nivue kitambaa au nivalishe juu yake?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Siti ya dereva imechanika upande wa mlangoni, sponji inatoka. Nimenunua kava za leza zilizoshonwa kwa vipimo vya IST. Naweza kuvalisha mwenyewe juu ya kitambaa cha zamani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Unaweza. Ligeuze kava ndani nje kwanza. Likiwa na mipira na kulabu, linavaliwa juu ya kitambaa. Likiwa na vifuko vyembamba vya kupitishia fimbo za waya, kitambaa lazima kivuliwe.

Kisha tazama ubavu wa mgongo wa siti, upande wa mlango. Ukikuta lebo ya SRS AIRBAG, humo ndani mna eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), na kava lazima liwe na upenyo au mshono maalumu wa kuachia pale inapotokea. Kama halina, tafadhali lirudishe dukani. Hapo hakuna kubahatisha. Kitambaa kikihitaji kuvuliwa, siti itoke kwanza: fungua waya wa hasi wa betri, subiri zaidi ya sekunde 90, ndipo uchomoe soketi ya njano (ya eabegi) chini ya siti.

Siti inashikwa na bolti nne. Spana ya 14 inatosha. Kitambaa cha zamani kimebanwa kwa vipete vya waya, vikate kwa plaizi. Zile fimbo zilizomo ndani ya kitambaa usizitupe, zihamishie kwenye kava jipya.

Kazi yenyewe iko kwenye sponji. Leza haifichi bonde. Pale mlangoni unaposugua kila ukipanda na kushuka, itakunjamana na mshono utaachia mapema. Bandika kipande cha sponji ngumu (ya godoro laini italala upesi), kichonge kwa kisu kikali, kisha piga msasa mpaka ukipitisha kiganja usisikie kingo.

Anika kava juani lilainike. Anzia kwenye mifereji ya katikati ya sponji, funga fimbo ya kava kwa fimbo iliyomo ndani ya sponji, ndipo uvute pembeni. Wengi huanza na kingo kwa kuwa ni rahisi, halafu katikati panainuka kama hema. Kama huna vipete vipya, vifungio vya plastiki vya kukazia nyaya vinafaa, ila mikia yake ikate na uielekeze chini.

Ukirudisha siti, kaza bolti zote nne, isukume mbele na nyuma uhakikishe reli inajifunga, rudisha soketi ya njano, na betri iwe ya mwisho.