Baiskeli ya triathloni ya kwanza

Umeuliza kama ni lazima ununue baiskeli maalumu ya triathloni kwa ajili ya mbio fupi za kwanza (kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5). Hapana. Chukua baiskeli ya kawaida ya resi, hata ya mtumba. Ile maalumu inakulaza mbele, mikono mbali na breki. Kwenye kona zenye watu wengi, mgeni wa mchezo huanguka kirahisi hapo.

Kikubwa ni saizi ya fremu, si rangi wala uzito. Pima bila viatu, toka sakafuni hadi msambani, uzidishe kwa 0.67: ukipata sm 80, anzia fremu ya sm 53 au 54. Ni makadirio tu, ipande kwanza. Kisha kiti: weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Kikiwa chini mno, goti litauma kwa mbele.

Kwenye mtumba, kagua nyufa kwenye maungio ya fremu na kwenye uma (sehemu inayoshika gurudumu la mbele), zungusha magurudumu uone kama rimu zinacheza, na upime cheni. Iliyovutika sana mara nyingi huwa imeshakula meno ya gia, kwa hiyo huenda ukabadilisha vyote. Fremu ya kaboni iliyogongwa, achana nayo.

Unayo ya milimani? Inatosha. Ivishe tairi zenye uso laini, zisizo na meno makubwa, basi. Na vizibo vya ncha za usukani visikosekane. Bila hivyo na helmeti, waamuzi wanaweza kukuzuia kuanza.