Sanduku la Maswali: Waxworks bila mwenzake

SWALI: Mhariri, salaam. Katika duka la mitumba hapa Leeds nimeiona Waxworks, santuri ya XTC, bendi ya Uingereza, yenye nyimbo zao zilizotamba. Muuzaji anasema ni toleo adimu la 1982 na bei yake ni kali. Ndani mna sahani moja tu, na upande wa kwanza unakwaruza. Niichukue?
Msomaji, Leeds

JIBU: Salaam, ndugu. Santuri ni halali, ila adimu siyo. Kampuni ya muziki ya Virgin ilipoitoa Novemba 1982, nakala za mwanzo ziliuzwa pamoja na Beeswax, santuri ya pili yenye nyimbo za upande B, yaani za upande wa nyuma wa singo zao (sahani ndogo za wimbo mmoja mkuu). Baadaye kila moja ikauzwa kivyake. Kinachotafutwa ni jozi, kwa hiyo usilipe zaidi ya bei ya sahani moja. Kabla ya kulipa, itoe nje: namba iliyochongwa kwenye ukingo laini karibu na lebo ilingane na ya jalada, V2251. Sahani za mitumba hubadilishana majalada mara nyingi.

Muziki wenyewe usiudharau hata kidogo. Ni singo 12 kwa mfuatano wa miaka, toka Science Friction ya 1977 hadi Ball and Chain ya 1982, mwaka ambao bendi iliacha ziara. This Is Pop? iliyomo ni ile iliyorekodiwa upya kwa ajili ya singo, si ile ya albamu ya White Music, na kwetu ndiyo yenye nguvu zaidi.

Kuhusu mkwaruzo, iinamishe sahani chini ya taa. Mifereji ya sauti inamopita sindano ikiwa ya kijivu, sindano mbovu imeshaila, iache. Mstari unaokwama kwenye ukucha nao hautibiki. Ikiwa ni vumbi tu, ioshe: nusu lita ya maji ya kukeneka (yale ya kuongezea betri, si asidi) na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, lebo isilowe. Suuza kwa maji matupu, maana sabuni ikikaukia humo hugandia sindano. Isimamishe kivulini hadi ikauke kabisa, jua huipinda.

Usiirudishe kwenye mfuko wake wa zamani wa karatasi. Nunua mpya, la sivyo vumbi lile lile litarudi mferejini.